Nani Ameandikwa Katika Daftari?

Wako watu wanaoamini kwamba usawa ni kazi ya kugawa tu. Gawa sawasawa, wasema, kila mtu apate fungu lake, na ugomvi utakwisha. Maneno hayo ni mazuri, nasi hatuyapingi. Lakini kabla ya kugawa liko swali moja ambalo mara nyingi husahauliwa: ni akina nani wanaohesabiwa kuwa na haki ya kugawiwa? Leo twapenda kuwachukua wasomaji wetu mbali sana, mpaka katika milima ya kaskazini-magharibi ya Pakistan, kwenye bonde la mto Swat. Huko watu waligawana ardhi kwa uangalifu wa kustaajabisha kwa muda upatao karne nne, na hata hivyo wengi wa wakazi wa vijiji vyao waliishi na kufa bila ya kuwa na hata upana wa mkeka walioweza kuuita wao.

Mto Swat hutoka katika milima mirefu yenye theluji, ukateremka kwa kasi kupitia mabonde membamba, kisha ukafika mahali ambapo bonde hupanuka na udongo wake ni wenye rutuba. Kila upande vijiji vimeshikilia ukingo wa mlima, ili ile ardhi tambarare ya chini isipotezwe kwa kujengewa nyumba. Wakati wa baridi hupandwa ngano na shayiri. Wakati wa joto hupandwa mahindi, na mpunga mahali palipo na mifereji ya maji. Ndiyo kusema ardhi moja huzaa mara mbili kwa mwaka. Ardhi ya namna hiyo katika nchi ya mawe na majabali ni mali kuliko dhahabu, na hapana ajabu ikiwa tangu zamani watu wameimwagia damu.

Wapashtuni hawakuwa wa kwanza kukaa humo. Iskanda Mkuu alipita na majeshi yake mwaka 327 kabla ya Kristo, na karne nyingi zilizofuata wafuasi wa dini ya Budha walijenga mahekalu yao, ambayo magofu yake bado yaonekana karibu na mji wa Mingora. Wapashtuni wa kabila la Yusufzai waliingia katika karne ya 16, baada ya kufukuzwa sehemu za Kabul. Waliwashinda wenyeji, baadhi ya wenyeji hao wakahama, na wengine wakabaki kuwalimia washindi mashamba ambayo jana yalikuwa yao wenyewe. Msomaji na aliweke jambo hilo moyoni, maana ndilo mzizi wa yote tutakayoyasimulia.

KURA YA ARDHI

Washindi walipokwisha kuishika nchi, walikabiliwa na jambo ambalo kila mshindi hukabiliwa nalo: wagawane namna gani bila ya kuuana? Kazi hiyo alipewa mtu mmoja aliyeheshimiwa kwa elimu yake, jina lake Shekhe Malli. Yeye aliigawa nchi kwa koo, na kila ukoo kwa matawi yake, na kila tawi kwa watu wake, na mgawo huo ukajulikana kwa jina la daftari. Neno hilo wanalo wao kama tulivyo nalo sisi, maana chimbuko lake ni moja. Lakini kwao lilipata maana nzito zaidi: kuwa na daftari ni kuwa na fungu katika ardhi, na kuwa na fungu katika ardhi ndiko kuwa mtu.

Shekhe Malli alijua kwamba shamba la kando ya mto si sawa na shamba la mteremko lingojealo mvua, wala hapana jicho la binadamu liwezalo kuyalinganisha mafungu yasipitane hata kidogo. Kwa hiyo iliwekwa sheria iliyoitwa wesh, yaani mgawanyo. Kila baada ya miaka kadhaa, pengine 5, pengine 7, pengine 10 au zaidi, mafungu yalibadilishwa. Kura ilipigwa. Waliokuwa upande mbaya wakahamia upande mzuri, na waliokuwa upande mzuri wakaenda kuonja taabu ya wenzao. Watu wazima kwa watoto walifunga mizigo, wakaiacha nyumba na shamba, wakaingia katika nyumba na shamba la ndugu zao.

Hapana shaka kwamba mpango huo ulikuwa na hekima kubwa. Ulizuia mtu mmoja kukalia ardhi njema milele na kuwaachia wenzake mawe. Hata baraza lao, liitwalo jirga, lilifuata moyo huo huo: waliketi duara, pasiwe na kichwa wala mkia, kila mwenye fungu akawa na haki ya kusema, wala hapakuwa na mfalme wa kuwakemea. Wageni wengi waliofika huko waliandika kwa mshangao kwamba wamewaona watu wasiomwinamia mtu yeyote.

Lakini mpango huo ulikuwa na hasara zake, hata kwa wenye kura wenyewe. Mtu ajuaye kwamba baada ya miaka michache atahama, atapanda mti wa nini? Atajenga nyumba ya kudumu kwa faida ya nani? Akiutengeneza mfereji vizuri, ni binamu yake atakayekunywa maji yake. Ndipo mashamba yakachoshwa, miti ya matunda ikawa haba, na nyumba zikajengwa za kusukuma siku tu. Kitu cha wote kikawa si kitu cha yeyote.

WASIOANDIKWA

Hasara hiyo, hata hivyo, ni ndogo tukiilinganisha na ile ya pili. Tuingie sasa ndani ya kijiji, tuwatazame watu wake mmoja mmoja.

Alfajiri adhana yasikika kutoka msikitini. Nyumba ni za mawe na udongo, zenye mapaa bapa yaliyotandazwa magogo na kushindiliwa udongo juu yake. Mvua inyeshapo sharti mtu apande kulishindilia upya paa lake lisivuje. Kuta zinazotazama njia hazina madirisha, maana wanawake wa nyumba zenye heshima hutawishwa. Ndani ya ua wanawake wamekwisha kuamka: wasukasuka maziwa, waoka mikate ya mahindi, walisha nyati na ng'ombe. Bondeni kinu cha mawe kisukumwacho kwa nguvu ya maji chasaga nafaka ya kijiji kizima. Juu mlimani moshi waonekana kutoka vibanda vya Wagujari, wachungaji wasemao lugha yao wenyewe, ambao hulima ile miteremko mikali isiyotakiwa na wengine.

Katika kijiji hicho yumo seremala, yumo mhunzi, yumo sonara, mfinyanzi, mfumaji, mshona viatu, msagaji na mwenye nyumbu wa mizigo. Yumo kinyozi, ambaye kazi yake si nywele peke yake: ndiye atahiriye watoto, ndiye apelekaye habari za harusi na misiba, na siku ya karamu ndiye mpishi. Kila mmoja alizaliwa katika kazi yake na kwa desturi aliioa ndani ya kazi hiyo. Malipo yao kwa zamani zote hizo hayakuwa fedha bali nafaka, waliyopimiwa wakati wa mavuno kwa kuwa wamewatengenezea wenye mashamba majembe yao ya kukokotwa na ng'ombe, vyungu vyao na viatu vyao mwaka mzima. Tena wamo wapangaji, yaani wale waliolima shamba la mwingine na kugawana naye mavuno. Aliyekuwa na ng'ombe na mbegu zake alipata fungu la kutosha. Aliyeleta mikono mitupu alipata kidogo.

Watu wote hao, waliokuwa wengi kuliko wenye ardhi, hawakuwamo katika daftari la Shekhe Malli. Kura ilipopigwa, haikupigwa kwa ajili yao. Jirga ilipoketi duara, hawakuwa na nafasi katika duara hilo. Hata kiwanja cha nyumba zao kilikuwa cha mwenye ardhi, naye aliyekaa juu yake alipaswa kulipa kwa utumishi na utii. Na hapa liko jambo ambalo twaomba msomaji alitazame kwa makini. Wakati wa wesh ulipofika, waliofunga mizigo na kuhama walikuwa hasa wenye ardhi. Wapangaji na mafundi mara nyingi walibaki pale pale, wakampokea bwana mpya kama walivyompokea yule aliyetangulia. Mabwana walikuja na kwenda kama misimu. Aliyekuwa akilijua shamba jiwe kwa jiwe, aliyezaliwa hapo na kuwazika wazazi wake hapo, ndiye aliyehesabiwa kuwa hana kitu.

Hata jina la kabila lilifuata ardhi. Katika Swat, mwenye fungu ndiye aliyeitwa Pakhtun kwa haki. Aliyeuza au kupoteza fungu lake alipoteza pamoja nalo haki ya kusema barazani, na baada ya muda hata jina hilo likamtoka. Mtaalamu wa Kinorwe, Fredrik Barth, aliyekaa katika bonde hilo mwaka 1954 akichunguza siasa yake, aliyaeleza mambo hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1959, nacho kimesomwa sana na wanaochunguza habari za tawala.

Wala tusiwasahau wanawake. Sheria ya Kiislamu humpa binti nusu ya fungu la kaka yake. Watu wa Swat ni Waislamu hodari wa sala na saumu. Lakini ilipofika habari ya ardhi, desturi ya mababu iliishinda sheria ya dini yao, na binti hakupewa shamba. Basi mke wa mwenye daftari naye alikuwa nje ya daftari.

MKONO MTUPU HAULAMBWI

Jioni wanaume hukusanyika katika hujra, nyumba ya wanaume ya mtaa. Humo mna vitanda vya kamba, kiko cha maji, chai, na pengine mpigaji wa rababu. Vijana wasiooa hulala humo, na mgeni afikaye usiku, hata kama hajulikani, hupewa chakula na kitanda. Kwetu husemwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mpashtuni angeona haya kulitamka neno hilo. Ukarimu kwake ni sheria, kama ilivyo sheria kumpa hifadhi aiombaye, hata akiwa adui, na kama ilivyo sheria kulipa kisasi.

Twausifu ukarimu huo kwa moyo wote. Lakini hujra nyingi zilikuwa za khan, yaani mwenye ardhi mkubwa, na wali uliopakuliwa humo ulitoka katika mavuno ya wapangaji. Wahenga wetu walisema mkono mtupu haulambwi. Aliyekula katika hujra ya khan alikuwa mtu wa khan. Siku ya ugomvi alitazamiwa kushika bunduki. Na ugomvi haukukoma. Katika Kipashto neno tarbur, maana yake binamu wa upande wa baba, ni neno la kumtaja pia mshindani, kwa kuwa mashamba ya mabinamu yapakana. Nchi nzima iligawanyika makundi mawili, na kila khan akajiunga na kundi lile ambalo binamu yake hayumo. Kati yao walikaa masharifu na watu wa dini, waliopewa ardhi isiyoingia katika kura, wakawa wapatanishi, na kwa upatanishi huo wengi wao wakatajirika. Mafahali wawili walipopigana, zilizoumia ni nyasi.

Fahari ya uhuru ilikuwapo, wala si ya kubeza. Mwaka 1863 watu wa bonde hilo, wakiongozwa na mcha Mungu Abdul Ghafur aliyeitwa Akhund wa Swat, walikuwa miongoni mwa waliopigana na majeshi ya Waingereza katika mapito ya Ambela. Mwaka 1897 waliivamia ngome ya Malakand, wakipanda milima kwa upanga na bunduki za zamani. Miongoni mwa Waingereza waliofika kulipiza alikuwamo kijana mmoja, Winston Churchill, ambaye mwaka uliofuata alitoa kitabu chake cha kwanza kuhusu vita hivyo. Ameeleza mwenyewe jinsi vijiji vilivyochomwa moto na visima kufukiwa. Moto huo, twajua, haukuuliza nani ana daftari na nani hana. Siku ya kufa, wote walihesabiwa.

KHAN MMOJA JUU YA MAKHAN

Yaliyofuata ni somo jingine. Mwaka 1917 jirga ilimchagua mjukuu wa Akhund, Miangul Abdul Wadud, awe mtawala, na mwaka 1926 Waingereza wakamtambua. Alikuwa mtu hodari na mkali. Aliwanyang'anya watu silaha, akajenga ngome, barabara na simu za kuziunganisha ngome hizo, akatoza sehemu ya mavuno kuwa kodi. Na katika miaka ya 1920 akaukomesha wesh: kila mwenye fungu abaki mahali alipo, pawe pake siku zote.

Matokeo yake yalikuwa mema kwa mti na kwa nyumba. Miti ikapandwa, kuta zikajengwa imara, na baadaye bustani za matufaha na mapichi zikalifanya bonde hilo kuwa na jina katika Pakistan nzima. Mwanawe Jahanzeb, aliyempokea utawala mwaka 1949, alijenga mashule na mahospitali, na mwaka 1952 chuo kikafunguliwa Saidu Sharif. Twampa kila mtu haki yake.

Lakini tuulize tena swali letu. Ardhi ilipofungwa isizunguke tena, ilifungwa mikononi mwa nani? Mikononi mwa wale wale waliokuwa katika daftari. Zamani mpangaji alikuwa na bwana aliyebadilika; sasa akawa na bwana wa kudumu. Ubaya wa zamani uliondolewa nusu, na nusu iliyobaki ikatiwa muhuri wa serikali.

Mwaka 1969 utawala huo wa kifalme ulikwisha, Swat ikaingizwa moja kwa moja katika Pakistan. Mwaka 1972 serikali ya Zulfikar Ali Bhutto ilitangaza sheria ya kupunguza ukubwa wa mashamba ya makabaila, na katika sehemu kadhaa za bonde wapangaji walikataa kuondolewa. Palikuwa na mapigano, na watu waliuawa. Wengine walipata ardhi, wengi hawakupata. Waliokosa walikwenda Karachi kwenye viwanda, na baadaye katika nchi za Ghuba, kujenga majumba ya watu wengine juani. Fedha walizopeleka nyumbani zilifanya jambo ambalo jirga haikulifanya kwa karne nne: mtoto wa fundi aliweza kununua kiwanja na kukijengea.

Hata hivyo uchungu ulibaki, na uchungu ni kuni kavu. Wataliban wa Swat walipoinuka mwaka 2007 wakiongozwa na Fazlullah, walijua mahali pa kuwasha moto. Waliwalenga makhan, na wengi wa makhan walikimbia. Maskini wakaahidiwa haki. Lakini haki hiyo ilikuwa nini? Mwanzoni mwa mwaka 2009 walipiga marufuku masomo ya wasichana, na mashule mengi yakabomolewa. Mwezi Mei mwaka huo jeshi liliingia, na watu wapatao milioni 2 wa Swat na wilaya za jirani walikimbia makwao. Mwaka 2012 msichana wa Mingora, Malala Yousafzai, alipigwa risasi akitoka shule kwa sababu ya kudai asome. Alipona, na mwaka 2014 akapewa tuzo ya Nobel ya amani. Waliojidai kulifuta daftari la makhan walileta lao, na katika hilo jina la mtoto wa kike lilikuwa limefutwa tangu ukurasa wa kwanza.

Kwa nini tumeyaandika haya yote kwa wasomaji walio mbali na milima hiyo? Si kwa kuwacheka Wapashtuni. Ni watu wa heshima, wapole kwa mgeni na wagumu kwa mtawala, na wesh ilikuwa fikira ya watu waliofikiri sana. Tumeyaandika kwa sababu kosa lao si lao peke yao. Ni rahisi kwa watu waliomo ndani ya duara kutazamana, kuona kwamba wako sawa, na kufurahi. Waliokaa nyuma ya migongo yao hawaonekani kutoka hapo.

Kwa hiyo mtu akituambia kwamba mahali fulani mali imegawanywa kwa haki, tusikimbilie kupima mafungu. Tuombe kwanza tuonyeshwe daftari. Tulisome jina kwa jina, kisha tutoke nje tumtafute kinyozi, na mpangaji, na mchungaji wa mlimani, na yule mwanamke aokaye mkate gizani kabla ya adhana, tuwaulize kama wamo.